Mlimba Hadi Makambako

Treni ya TAZARA ikiondoka Dar es Salaam haina haraka ya kupanda. Inaiacha Pwani, inakatiza pori ambalo kwa miaka mingi lilijulikana kwa jina la Selous, inaingia bonde la Kilombero na kupita Kidatu, Mang'ula na Ifakara, na baada ya kilomita 502 inafika Mlimba. Hapo ndipo tambarare inapoishia. Mbele yake ni ukingo wa Nyanda za Juu Kusini. Kutoka Mlimba hadi Makambako, mwendo wa kama kilomita 160, njia inapanda zaidi ya mita 1,000 kwa kuzunguka milima, kuruka mabonde membamba na kutoboa miamba. Reli nzima hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ina urefu wa kilomita 1,860 na mahandaki 22. Katika hayo 22, mahandaki 18 yamo katika kipande hiki kimoja.

Anayetaka kujua jinsi hatari za ujenzi mkubwa zinavyokadiriwa, zinavyokabiliwa na wakati mwingine zinavyosahauliwa, atafundishwa mengi na kipande hiki. Lakini inabidi kuanzia mbali kidogo, katika ofisi ambazo watu wake hawakuwahi kukanyaga Mlimba.

Zambia ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, shaba ndiyo iliyokuwa uhai wake, na shaba hiyo ilikuwa na njia moja tu ya maana ya kutokea: kusini, kwa reli ya Rhodesia, hadi bandari za Msumbiji iliyokuwa bado chini ya Wareno. Makaa ya mawe ya kuyeyushia shaba yalitoka Wankie, Rhodesia. Umeme ulitoka Kariba, na mitambo yake ilikuwa ukingo wa kusini wa Zambezi, upande wa Rhodesia. Kenneth Kaunda wa Zambia na Julius Nyerere wa Tanzania walitaka njia ya pili, itakayokwenda kaskazini mashariki hadi Dar es Salaam. Wataalamu wa Benki ya Dunia walilipima wazo hilo mwaka 1964 na kulikataa. Hesabu yao ilikuwa rahisi kueleweka: reli ya kusini ilikuwa na nafasi ya kutosha, mzigo wa kuzilisha reli mbili haukuwepo, na gharama ya kujenga upya isingerudi. Wakashauri barabara iboreshwe.

Hesabu ile haikuwa ya kipuuzi, na nitairudia baadaye, maana sehemu yake ilikuja kutimia. Kasoro yake ilikuwa kupima hatari ya aina moja tu, ile ya mwekezaji kukosa wateja. Hatari ya nchi nzima kufungiwa mlango na jirani yake haikuwa na safu katika majedwali yao. Haukupita muda mrefu safu hiyo ikajiandika yenyewe. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith ilijitangazia uhuru. Uingereza ikaweka vikwazo, mwezi uliofuata mafuta ya Zambia yaliyokuwa yakipitia kusini yakakatika, na nchi ikabaki kuletewa petroli kwa ndege, pipa kwa pipa. Mzigo mwingine ulipita kwa malori kwenye barabara ya vumbi na matope kutoka Dar es Salaam, na ajali zikawa nyingi kiasi kwamba barabara ile ilibatizwa jina la jehanamu.

Mafuta yalipatiwa ufumbuzi mapema zaidi. Kampuni ya Kiitaliano ililaza bomba la TAZAMA kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, likaanza kazi mwaka 1968. Lakini shaba haisafiri kwa bomba. Mwaka 1966 kampuni ya Maxwell Stamp, kwa fedha za Uingereza na Kanada, ilitoa ripoti iliyosema kwamba reli inawezekana na inaweza kujilipa. Serikali za Magharibi ziliisoma, na hakuna iliyotoa fedha. Nyerere alikuwa ameshakwenda China Februari 1965 na kurudi na ahadi. Kaunda alisita zaidi, kisha naye akaenda mwaka 1967, na Septemba mwaka huo huo nchi tatu zikatia saini makubaliano ya ujenzi mjini Beijing.

Kabla ya sepetu ya kwanza kuingia ardhini, wapimaji walitembea. Kuanzia mwaka 1968 vikundi vya Wachina, Watanzania na Wazambia vilipita kwa miguu katika misitu na vinamasi, wakipiga vigingi, wakichimba mashimo kuangalia udongo, wakiwauliza wenyeji mto fulani hufika wapi ukifurika. Ramani zilikuwepo za jumla tu, na mto wa Kilombero wakati wa masika si ule wa Oktoba. Watafiti wa usimamizi wa ujenzi wamelisema kwa namna nyingi: mshangao mwingi unaolipuka katikati ya mradi ulikuwa umelala ardhini tangu mwanzo, ukisubiri mtu wa kuufukua. Shimo la mtihani la mita chache ni gharama ndogo. Handaki linaloporomoka na watu ndani ni gharama ya namna nyingine kabisa.

Uamuzi mmoja wa wakati huo unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa athari yake ipo hadi leo. Reli ya Afrika Mashariki ilikuwa na upana wa milimita 1,000. Reli ya Zambia na majirani zake wa kusini ilikuwa na milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, upana wa vidole vitatu au vinne, lakini behewa halijui kujibana. TAZARA ilijengwa kwa upana wa kusini, hivyo behewa lingeweza kutoka Dar es Salaam hadi ukanda wa shaba bila mzigo kupakuliwa njiani. Hatari ya kuchelewa Zambia ikaondolewa, na gharama yake ikalipwa Kidatu: reli mbili zinakutana pale, za nchi moja, na behewa la moja haliwezi kuendelea kwenye nyingine.

Mkataba wa mwisho wa fedha ulitiwa saini Julai 1970. China ilitoa mkopo wa yuan milioni 988, usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30 baada ya muda wa kupumua. Mishahara ya wafanyakazi wa Tanzania na Zambia, na mahitaji mengine yaliyonunuliwa nchini, yalihitaji shilingi na kwacha, na hapo wapangaji walitumia mbinu ya ajabu kidogo. Serikali mbili zilinunua bidhaa za China kwa mkopo, nguo, vyombo, baiskeli, zana, zikaziuza madukani, na fedha za mauzo zikalipa gharama za ndani. Mama aliyenunua sufuria ya Kichina Morogoro mwaka 1972 alikuwa, bila kuambiwa, analipa sehemu ya mshahara wa kijana aliyekuwa akipasua mawe porini.

Ujenzi ulizinduliwa rasmi Dar es Salaam tarehe 26 Oktoba 1970, na siku mbili baadaye Kapiri Mposhi. Kabla ya mwaka 1971 kwisha reli zilikuwa zimefika Mlimba. Kasi hiyo ilipatikana kwa sababu ardhi ilikuwa rafiki kuliko mbele, na pia kwa sababu ya mpangilio. Kazi iligawanywa kwa kambi, kila kambi na kipande chake, karakana yake, zahanati yake na bustani yake ya mboga. Reli iliyokwisha kulazwa ndiyo iliyobeba vifaa vya kulaza reli inayofuata. Na jambo lililokuwa na uzito kuliko yote: makundi ya mahandaki na madaraja hayakungoja reli iyafikie. Yalitangulia kwenye ukingo wa milima kupitia njia za malori zilizochongwa porini, ili wakati mataruma yanafika Mlimba, milima iwe imeshaanza kutobolewa.

Nani asiyejua kwamba fundi wa paa haitwi kabla ya kuta kusimama? Katika mradi wa maelfu ya kazi, hata hivyo, si rahisi kuona ipi inashikilia zote. Wahandisi wa Marekani walikuwa wameunda, mwishoni mwa miaka ya 1950, mbinu za kuchora kazi zote za mradi kwa mishale ili kuupata mfuatano mrefu kuliko wote, ule ambao siku moja ikipotea humo mradi mzima umepoteza siku. Sina haja ya kudai kwamba michoro ya namna hiyo ilitumika Mlimba. Ninachokiona katika mwenendo wa kazi ni kwamba waliosimamia waliujua mfuatano wao. Ulipita katika yale mahandaki 18, na wakaupa watu na vifaa vyao vya kwanza.

Mwaka 1972 kazi ilipopamba moto kulikuwa na karibu wafanyakazi 38,000 wa Tanzania na Zambia, pamoja na Wachina zaidi ya 13,000. Vijana wengi waliletwa kupitia TANU na Jeshi la Kujenga Taifa, wengine kutoka mikoa ambayo reli isingeifikia kamwe. Kazi ilikuwa ngumu kwa maana halisi ya neno hilo. Kwenye mahandaki walitoboa mwamba, wakajaza baruti, wakatoka, wakangoja moshi upungue, wakarudi kukagua paa kabla ya kubeba vifusi. Huo ukaguzi wa paa ndio uliotenganisha kurudi nyumbani na kutorudi: mwamba uliopasuliwa huacha vipande vilivyoning'inia, na mtu hugonga kwa fimbo ya chuma na kusikiliza kama mlio ni mzito au ni wa uwazi. Juu ya Mto Mpanga walisimamisha daraja lenye nguzo tatu za zege, kila moja kama mita 50 kwenda juu. Mafundi wa mbao na wafunga nondo walifanya kazi huko juu mvua ikinyesha bondeni.

Watu walikufa. Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha katika mradi huu, na wengi wamezikwa katika makaburi ya Gongo la Mboto, Dar es Salaam, mahali ambapo viongozi wa China wanaotembelea Tanzania huweka mashada. Watanzania na Wazambia nao walikufa, kwa ajali na kwa maradhi, na wao wametawanyika katika makaburi ya vijijini kwao bila mnara wa pamoja wa namna ile. Pengo hilo linaniuma kila ninapoisoma historia hii. Kumbukumbu ya waliokufa ni sehemu ya hesabu ya mradi kama vile tani za chuma.

Na tani hizo zilikuwa nyingi: tani 330,000 za reli za chuma, udongo na mawe mita za ujazo milioni 89, madaraja 320, makalavati zaidi ya 2,000. Agosti 1973 reli zilivuka mpaka Tunduma. Juni 1975 zilifika Kapiri Mposhi, kabla ya muda uliopangwa. Tarehe 14 Julai 1976 China iliikabidhi rasmi kwa serikali mbili.

Mradi mkubwa kutimiza makadirio yake ni jambo la nadra kuliko msomaji anavyoweza kudhani. Mwaka 2002 Bent Flyvbjerg wa Denmark na wenzake wawili walichapisha utafiti wa miradi 258 ya usafiri katika nchi 20. Waligundua kwamba katika miradi 10, 9 iligharimu zaidi ya makadirio, na kwa miradi ya reli gharama ilizidi kwa wastani wa asilimia 45 hivi. Miaka mitatu baadaye walitazama upande wa pili, ule wa wateja: katika miradi 10 ya reli, 9 ilikadiria abiria wengi mno, kwa wastani zaidi ya mara mbili ya waliopanda kweli. Tafiti hizi mbili huwa zinatajwa pamoja, lakini zinapima hatari mbili tofauti, na ndiyo maana zinafaa hapa. Waliojenga TAZARA waliishinda hatari ya kwanza, ya kuzidi makadirio, angalau upande wa muda, kwa jasho na kwa mpangilio. Hatari ya pili haikuwa mikononi mwao, na yenyewe ilikuwa inawasubiri wasimamizi wapya stesheni.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Rhodesia ilikuwa imefunga mpaka wake na Zambia Januari 1973. Mwaka 1975 vita vya Angola vilikata reli ya Benguela, njia ya magharibi. TAZARA ikafunguliwa wakati ambapo Zambia haikuwa na mlango mwingine wa uhakika, na mwaka 1977/78 ilibeba tani zaidi ya milioni 1.2. Ilisanifiwa kubeba milioni 2. Haijawahi kuzifikia. Bandari ya Dar es Salaam ilisongamana, mabehewa yakakaa wiki nzima yakisubiri kupakuliwa, na Oktoba 1978 Kaunda, akibanwa na uhaba wa mbolea na mizigo iliyorundikana, alifungua tena njia ya kusini. Wataalamu wa 1964 walikosea kuhusu siasa, lakini kuhusu mzigo walikuwa wameona kitu.

Kisha ukaja mwaka 1979, na milima ya Mlimba ikasema yake.

Reli inapopanda mlima, mteremko huchongwa upande mmoja ili kupata ubapa wa kulaza njia. Mteremko uliochongwa si ule wa zamani. Umepoteza mguu wake, na mizizi iliyoushikilia imekatwa. Kinachouweka mahali pake ni msuguano kati ya chembe za udongo. Mvua ikiingia ndani, udongo unazidi uzito na msuguano unapungua kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mhandisi huweka mifereji juu ya mchongo ili maji yasiingie, na kalavati chini ya tuta ili yanayoshuka yapite. Mfereji wa namna hiyo ni kitu cha kawaida mno, wa kina cha goti, uliojengewa mawe, na ili ufanye kazi anahitajika mtu mwenye jembe anayepita kabla ya masika kuondoa majani, matope na matawi. Asipopita, maji hupanda juu ya kingo, huchagua njia yao wenyewe, na mara nyingi njia hiyo ni katikati ya tuta.

Masika ya 1979 yalikuwa makubwa kuliko kawaida. Mafuriko na maporomoko yalikata reli kati ya Mlimba na Makambako, kwenye kipande kile kile kilichowagharimu wajenzi kuliko kingine chochote. Oktoba mwaka huo huo makomando wa Rhodesia walilipua daraja la reli la Mto Chambeshi, Zambia, pamoja na la barabara. Njia iliyojengwa ili Zambia isifungiwe kusini ikafungwa kaskazini, na nchi ikaelemea tena kwa yule yule iliyetaka kumkwepa.

Tatizo la tatu lilikuwa la pole pole, na kwa maoni yangu ndilo lililoumiza zaidi. Vichwa vya treni vilivyokuja na mradi vilikuwa vya dizeli vya nguvu ya farasi 1,000 na 2,000, vinavyopeleka nguvu magurudumuni kwa mafuta yanayosukumwa ndani ya mtambo. Kwenye tambarare vilifaa. Kwenye mpando mrefu wa Mlimba, vikiwa vimefunga mbolea nyuma, mtambo ulipata joto na nguvu haikutosha, hivyo treni zilipunguzwa mzigo au zikaharibika njiani. Mwaka 1983 vililetwa vichwa vipya vya dizeli na umeme kutoka Ujerumani Magharibi, vyenye nguvu zaidi. Miaka saba ilikuwa imepita, na wateja wengi walikuwa wamezoea malori na njia za kusini.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha historia yote. Hatari ya Mlimba haikuisha siku treni ya kwanza ilipopita. Ilibadilisha mikono tu. Ilikuwa ya waliojenga, wenye maelfu ya watu, mkopo na serikali iliyoifanya kazi hii kuwa heshima yake. Ikawa ya shirika changa lililotakiwa kujilipia kila jembe la kusafisha mifereji kutokana na nauli na mapato ya mizigo. Mkopo ulijenga reli. Kuitunza kulitegemea mizigo. Mizigo ilipopungua, matengenezo yakapungua, treni zikapunguza mwendo, mizigo ikazidi kukimbia. Nchi mbili zilikuwa zimesomesha vijana takriban 200 katika chuo cha reli cha Beijing kati ya 1972 na 1975, na wengi walirudi kuwa wahandisi hodari, hivyo elimu haikukosekana. Walichokosa ni fedha za kila mwaka zilizotengwa mapema, ambazo hakuna bajeti ya dharura ingeweza kuzigusa.

Mwaka wa fedha 2014/15 reli ilibeba tani zisizofika 100,000. Wakati huo barabara ya Tunduma ilikuwa imejaa malori yenye shaba hiyo hiyo, yakiharibu lami ambayo nayo inahitaji fedha za serikali hizo hizo.

Septemba 2024, mjini Beijing, marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia utiaji saini wa makubaliano ya kuifufua TAZARA. Vichwa vipya vya treni na mabehewa mapya ndivyo vinavyopendeza kwenye picha za magazeti. Mimi nitakaposoma mkataba kamili nitaanzia kwenye ukurasa unaoeleza nani atalipia mifereji ya Mlimba katika mwaka wa kumi na tano, kwa fungu gani, na nani ana mamlaka ya kusimamisha treni mhandisi wa njia anaposema mteremko umeanza kutoa ufa.